Kioo cha Mama Daktari

Obunga, Kisumu
13 Februari 1994

Mwanangu Absalom Oketch,

Nakutumia salamu zilizojaa debe mpaka zikamwagika. Kile kikohozi cha baridi kimeisha? Unakula chakula cha maana au bado mkate na jibini? Mimi ni mzima kama chuma cha reli, sina hata mafua. Kuku wazima, jirani wazima, ziwa liko mahali pake.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale pale posta. Nikapiga kigelegele mpaka askari wa mlangoni akanijia. "Mama, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia, "Bahati nasibu hushindwa na mtu yeyote. Mimi nimezaa Daktari." Nyathina, mwanangu mimi! Daktari! Kutoka kwa tumbo la mtu aliyeishia darasa la nne, akaja kujifunzia kuandika vizuri kwenye darasa la watu wazima, ngumbaru, akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe ni wewe. Nimezunguka na hiyo barua soko zima la Kibuye. Wauza viatu wanajua, wauza omena wanajua. Zamani nilikuwa Min Oketch tu kama mama mwingine yeyote aliyezaa Oketch. Sasa hata yule mwehu wa stendi ananiita Mama Daktari, na mimi naitika.

Jumapili mchungaji alitangaza. Unamjua Dorca, mwenyekiti wetu wa akina mama, unajua shingo yake ilivyorefuka tangu Tom wake apate kazi ya benki kule Kericho. Akanigeukia mbele ya watu. "Hongera, mama. Lakini ni Daktari wa nini?" Nikasema, "Wa mwanga." Akasema, "Mwanga nao ni ugonjwa?" Wakacheka, wanawake wazima na meno yao nje. Kwa hivyo niandikie kwa Kiswahili rahisi kazi yako ni gani, nikamsomee.

Jambo lingine. Kuna mwanamke mmoja wa kanisa letu, wewe humjui. Macho yanamsumbua. Mbele anaona sawa, lakini pembeni ni kama mtu anavuta pazia pole pole. Anagonga mabega kwenye milango. Redio ilisema Wazungu wana leza ya kutibu macho. Si ndiyo hiyo hiyo yako?

Nijibu upesi.

Ni mimi mama yako,
Mama Daktari


Ujerumani
20 Machi 1994

Mama mpendwa,

Kikohozi kimeisha, na mkate na jibini nimevizoea, usinililie. Nimefurahi sana kusikia wewe ni chuma cha reli. Ningekuwa na chuma hicho hapa ningekitumia.

Msomee Dorca hivi. Tumefukia kwenye mtaro mabomba mawili marefu ya chuma. Moja limeelekea huku, lingine kule, kama njia panda. Ndani tumenyonya hewa yote. Mwisho wa kila bomba kuna kioo cha mviringo, kinene kama kipande cha ugali, kinaning'inia kwa waya mwembamba kama unywele. Tunakining'iniza ili lori likipita barabarani mtikisiko usikifikie. Mwanga wa leza unagawanyika, nusu huku, nusu kule, unagonga vioo na kurudi. Nyota zikigongana huko mbali kabisa, tunaamini dunia yote hutikisika kidogo mno, na vioo vitatuambia.

Kazi yangu ni moja. Vioo vitazamane sawasawa. Kioo kikiinama kidogo, hata kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, mwanga haurudi. Unapotelea ukutani, na wote tunakaa tukitazama mashine kama watu waliofiwa.

Tafadhali, Mama, hili lieleweke: mimi si daktari wa hospitali. Ni cheo cha kusoma tu.

Kuhusu yule mwanamke, ni kweli huku leza hutibu macho pia, nimesikia hata presha ya macho. Mwambie asikimbilie kisu cha mtu. Asubiri, Daktari Oketch anakuja Krismasi na leza yake mfukoni! Nacheka peke yangu hapa, wenzangu wananishangaa.

Krismasi nakuja kweli. Na nitakuletea kioo changu mwenyewe ukitundike.

Mwanao,
Oketch


Obunga, Kisumu
26 Juni 1994

Mwanangu Daktari,

Habari ya baridi? Habari ya vioo, vinatazamana? Mimi afya yangu ni ya kuazimwa na jirani, ninayo mpaka inabaki.

Barua yako niliwasomea akina mama wote baada ya ibada. Nilisoma kwa sauti kama somo la kwanza. Mabomba, waya, nyota, wakasogeza viti karibu. Pale uliposema wewe si daktari wa hospitali hapo sikusoma. Kuna haja gani? Mtu amesoma miaka hiyo yote, ashindwe na malaria? Tangu siku ile mlango wangu haufungwi. Huyu ana goti, huyu ana mtoto hasemi. Nawaambia, "Subirini Krismasi." Nasipwondi, jirani yangu wa cherehani, yule Mbukusu, yeye bado ananiita kwa jina langu, "Mama Perez, utamuua kijana wako kwa kazi." Nikamwambia, "Wako akisoma utaelewa."

Dorca naye alipata la kusema. Eti hata mganga wa kule Sondu hutazama kwenye kioo. Nikamjibu, "Lakini cha mganga hakina waya."

Kile kibanda changu cha mitumba Kibuye nimemwachia Nasipwondi aniuzie. Si kwamba nimeshindwa. Mteja mmoja mkorofi alirudisha koti eti lina tundu la sigara mgongoni, na mimi ndiye nilimuapia halina. Lakini sababu hasa ni kwamba mama wa Daktari hawezi kukaa juani akipiga kelele bei.

Watu wa macho kutoka hospitali walikuja kanisani na mashine yao ndogo. Walimpima yule mwanamke. Wakamwambia ni presha ya macho, aende haraka atiwe dawa, ikibidi akatwe kidogo, pazia lisimame hapo lilipo. Akawaambia hapana haja, ana mtu wake anakuja. Nesi akamuuliza, "Mtu gani huyo, mama?" Akasema, "Wa leza." Nesi akafunga mashine yake.

Nyumba nitaipaka rangi ya maziwa.

Mama yako anayehesabu,
Mama Daktari


Ujerumani
5 Desemba 1994

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya ile ile ya kumwazima jirani. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo imeinama.

Krismasi sitakuja. Nisikilize kabla hujakasirika. Tulivinyoosha vioo vikakaa sawa kabisa, tukafunga mabomba, tukawasha pampu kunyonya hewa. Hewa ilipokwisha, kioo cha bomba la mashariki kikageuza uso. Ukifungua bomba ukiangalia, kiko sawa. Ukifunga ukinyonya hewa, kimeinama. Kama mtoto anayefanya utundu mgeni akitoka. Nilidhani ni waya unateleza pale unapoushika ubavu wa kioo. Nimebadilisha waya. Bado. Kufungua na kufunga kwenyewe ni kazi ya siku nyingi, maana vumbi likiingia tumekwisha. Wakubwa wamesema hakuna anayeondoka mpaka kinyooke, na kioo hicho ni changu. Nikiondoka, nikirudi nitamkuta mtu mwingine kwenye kiti changu.

Kabla ya Pasaka nitakuwa nimekimaliza.

Halafu, Mama, kwa utani niliweka rula kwenye barua yako. Mistari inapanda kama barabara ya kilima cha Riat! Kioo changu kingeinama hivyo ningefukuzwa jioni hiyo hiyo.

Mwanao mwenye aibu,
Oketch


Obunga, Kisumu
8 Januari 1995

Absalom,

Heri ya mwaka mpya. Mzima? Mimi mzima.

Watu walikuja. Barua yako ilifika baada ya Krismasi, kwa hivyo walikuja wote, mwenye goti na mwenye mtoto asiyesema, na mchungaji, na Dorca na kofia yake. Nilichinja mbuzi. Nilitandika vitambaa vyangu vyote vya viti, hata vile vya harusi. Tulikaa tukitazama barabara mpaka supu ikaganda. Dorca akasema kwa sauti ya kusali, "Pengine Daktari amepata upasuaji wa dharura." Halafu akaongeza, "Yule mganga wa Sondu angalau Krismasi huwa nyumbani."

Nilisema ndege imechelewa. Waliondoka na nyama mikononi, wakiaga kwa adabu sana. Ile adabu ndiyo iliniuma.

Mistari imepanda kwa sababu ya meza. Nasipwondi akishona upande ule, meza yangu inatikisika upande huu. Siku hizi naweka kipande cha boksi chini ya mkono nafuata ukingo wake. Umeona nilivyonyooka? Weka tena hiyo rula yako.

Yule mwanamke anakusalimu. Anasema sasa dunia anaiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nikamwambia basi mnafanya kazi moja.

Nyoosha hicho kioo, nyathina. Nyoosha uje.

Mama Daktari


Ujerumani
17 Septemba 1995

Mama mpendwa,

Uko salama? Kuku je? Najua nimekaa kimya, na najua Pasaka imepita. Kila nilipokaa kuandika niliona ni heri niandike nikiwa na neno jema, na neno jema lilikataa kuja.

Nyuma ya kila kioo tumegandisha kwa gundi sumaku ndogo nne, ndogo kama punje za mahindi. Karibu na kila sumaku kuna koili ya waya. Tukipitisha umeme, koili inasukuma au kuvuta, na hivyo tunakigeuza kioo bila kukigusa. Basi mwezi wa nne sumaku moja ilibanduka. Tukafungua, nikagandisha. Mwezi wa saba ikabanduka nyingine. Nikabadilisha gundi. Sasa zote zimeshika, tumefunga, tumenyonya, na kioo kikakaa sawa. Tulipiga makofi! Tukawasha leza kwa nguvu yake yote. Kikainama.

Sijui tena, Mama. Nakiota.

Lakini barua yako ya mwisho, hongera. Mistari imenyooka kuliko leza yangu. Niliwaonyesha wenzangu: tazameni, mama yangu wa Kisumu anatushinda.

Desemba nitajaribu. Sitaki kuapa.

Mwanao,
Oketch


Obunga, Kisumu
30 Novemba 1995

Mwanangu,

Salamu, na habari za huko. Za huku ni nzuri kama kawaida.

Usinieleze tena habari ya sumaku. Niambie siku. Mwaka huu sijapaka rangi na sijamwambia mtu, kwa hivyo ukija utakuwa mgeni wangu peke yangu, na usipokuja nitakuwa nimeaibika peke yangu.

Dorca amenishauri nikapumzike mashambani kwa dada yangu. Eti nimechoka, eti jana nilimsalimia mtungi nikidhani ni mtu. Nilikuwa natania.

Kama una leza hata ndogo, ya kubebwa, mpe mtu anayekuja. Yule mwanamke hana muda mwingi. Amesubiri kwa sababu uliandika asubiri.

Mama Daktari


Ujerumani
19 Mei 1996

Mama yangu mzazi,

Shikamoo ya mbali. U mzima? Nasikia mvua ya huko mwaka huu ilikuwa kali. Nyumba haivuji?

Desemba ilipita na mimi nikiwa ndani ya suti nyeupe kama daktari kweli, nikimulika waya kwa tochi. Sina la kujitetea.

Rafiki yangu Wakoli, wa Bungoma, anarudi nyumbani kwa likizo na atapitia Kisumu. Nimempa kile kioo nilichokuahidi. Ni kimoja cha vile vya kwanza, kilining'inia bombani mwaka mzima kabla hatujakitoa. Mikono iliyokisugua na kukinyoosha ni hii yangu. Kitundike ukutani. Sikuelezi zaidi, ukikitazama tu utaelewa na utacheka mwenyewe. Niandikie ulivyocheka.

Leza ya kubebwa hakuna, Mama. Huyo mwanamke aende tu hospitali.

Mwanao,
Oketch


Obunga, Kisumu
14 Julai 1996

Mwanangu mpenzi, Daktari wa vioo,

Mungu akubariki, Nyasaye akuongeze, na waliokuzaa wasifiwe, yaani mimi! Hujambo? Mimi sijambo, na leo ni mara kumi zaidi.

Kioo kimefika! Huyo Wakoli alikuwa na haraka ya basi la Bungoma, akamwachia Nasipwondi kibandani. Nasipwondi alikileta amekifunga kwenye blanketi kama mtoto. Lo, uzito wake! Na ubaridi wake, na ulaini! Akakishonea wavu wa kamba, tukakitundika mkabala na mlango, chini ya kalenda. Kila anayeingia anajiona mwenyewe kabla hajaniona mimi.

Asubuhi nikiamka nasimama mbele yake nafunga kitambaa cha kichwa. Najiona vizuri sana, mpaka mikunjo ya shavuni. Nimezeeka, nyathina, lakini uzuri haujahama wote. Ulisema nitacheka. Nilicheka kwa furaha.

Akina mama walikuja kukiona, niliwaalika. Nasipwondi akasema, "Kizuri, Mama Perez." Dorca alisimama pale akarekebisha kofia yake mpya, huku na huku, muda mrefu. Akasema, "Kweli hiki ni kioo cha Ulaya. Kinaonyesha mtu mpaka moyo." Nikamwambia, "Basi wewe usikisogelee sana." Walicheka, Absalom! Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Tangu siku ile ya mbuzi sijawahi kuwasikia wakicheka hivyo nyumbani kwangu. Nikacheka pamoja nao.

Umeniinua tena. Sasa hata ukichelewa naweza kusubiri.

Mama yako anayejiona,
Mama Daktari


Ujerumani
4 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Salamu na furaha! Kabla sijauliza habari za nyumbani, niache nikuambie. Tumekipata! Ugonjwa wa kioo nimeupata.

Sikukueleza kwamba kila sumaku nyuma ya kioo ina kijicho chake. Kijicho kina taa yake ndogo, na kazi yake ni kutazama kivuli cha sumaku tu. Kivuli kikisogea, kijicho kinasema, "Kioo kimeinama," nasi tunakirudisha. Kumbe leza kubwa ikiwashwa, nasi huiwasha bomba likishanyonywa hewa tu, mwanga wake unatawanyika ndani ya bomba na kuingia kwenye vijicho. Vinapofuka. Kivuli havikioni tena, lakini badala ya kunyamaza, vinaendelea kusema, "Sawa, sawa, kiko sawa." Sisi tunaamini. Tumelaumu waya, tukalaumu gundi, tukalaumu pampu, na muda wote kilichokuwa kikituambia uongo ni kile tulichokiweka kituangalizie. Mwanga tuliojivunia ndio uliovipofusha. Dawa yake ni kofia ndogo ya bati kwa kila kijicho na taa ya namna nyingine, basi, kazi ya mchana mmoja. Miaka yote hii kwa

Nilikuwa nimefika hapo barua yako ya Julai ilipoletwa mezani. Nimeisoma. Nimeisoma tena.

Mama. Kile kioo hakionyeshi sura.

Leza yetu ni ya mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Kioo kimepakwa kitu kinachorudisha mwanga huo peke yake. Mwanga mwingine wote unapita. Ukikitundika ukutani unaona ukuta. Ndiyo maana nilisema utacheka: mwanao amekaa ughaibuni miaka hii akinyoosha kioo ambacho hata hakimwonyeshi mtu uso wake. Ulikuwa utani wangu.

Uliona mikunjo gani, Mama? Ulifungaje kitambaa?

Yule mwanamke wa kanisa letu. Anaitwa nani?

Niandikie jina lake. Au usiandike, nakata tiketi, naacha kila kitu hapa kilivyo. Mwambie Nasipwondi akupeleke hospitali leo, leo hii, usisubiri nifike. Mimi si daktari wa macho. Nilikuambia. Nilikuambia, sikukuambia?

Mwanao,
Oketch


Obunga, Kisumu
10 Novemba 1996

Absalom,

Salamu. Huu mwandiko ni wa Nasipwondi. Ni barua yangu ya kwanza kukuandikia kwa mkono wa mtu, na yeye nimemwambia aandike kila neno nitakalosema, hata la kumhusu.

Afya umeniuliza, nitakuambia.

Barua zako husomwa na yeye, tangu ile ya kubanduka sumaku. Siku ilipofika hii yako ya Agosti alianza na sauti ya furaha, tumekipata, tumekipata, nami nikamwita mama wa pili aje asikilize, na wa tatu, maana nilijua ni barua ya kuja. Dorca alikuwa anapita, nikamwita pia. Nilitaka asikie kwa masikio yake. Nasipwondi akasoma habari ya vijicho. Kisha akakunja karatasi. Nikasema, "Soma." Akasema, "Mwandiko umeharibika." Nikamwambia, "Mwanangu hana mwandiko mbaya. Soma." Akasoma.

Nikamuuliza, "Nasi, kioo kinaonyesha sura?" Akasema, "Mama Perez, ni kama dirisha. Unaona rangi ya ukuta." Nikauliza, "Na Dorca alikuwa anatazama nini, na kofia yake?" Dorca alikuwa pale pale, nilisikia pumzi yake. Hata yeye alikosa la kusema, ndipo nikajua nimeanguka kweli. Wote walijua. Walijua macho na walijua kioo. Walisimama katika nyumba yangu wakijipamba mbele ya ukuta, wakacheka, nikacheka nao. Nasipwondi analia sasa hivi akiandika, anasema yeye alinyamaza kwa huruma. Aliandike hilo. Huruma yake na kicheko cha wengine vilikuwa na sauti moja.

Unaniuliza jina la yule mwanamke. Anaitwa Perez. Amekuzaa.

Hospitali nimekwenda. Daktari ni kijana wa rika lako, mpole. Akasema jicho la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na tundu kama la sindano, nalo litafunga. Akasema angenipata ile siku ya mashine ndogo kanisani angelisimamisha pazia pale pale lilipokuwa. Akauliza, "Mama, ulikuwa unangoja nini?" Nikamwambia, "Mwanangu ni Daktari." Akafurahi kabisa. Akasema, "Daktari wa nini?"

Nikakosa jibu, Absalom. Mimi, na mdomo wangu huu.

Usiniandikie tena kwamba uliniambia. Uliniambia. Uliniambia pia nisubiri, katika karatasi ile ile, na mtoto wangu akisema maneno mawili mimi huchukua lile la kuja nyumbani. Wewe uliweka rula kwenye barua zangu. Uliona mstari umepanda, ukacheka. Nilipoushika kwa boksi, ukanisifu. Kazi yako ni kujua kitu kimeinama. Ndiyo uliyosomea.

Barua yako iliyofuata inasema tiketi ni ya Krismasi. Njoo, nyumba ni ya baba yako. Sitachinja, na sitamwambia mtu.

Kioo bado kiko ukutani. Nasipwondi alitaka kukitoa, nikakataa. Nikikitoa leo, kila anayeingia atajua kwa nini. Kikibaki, wanaingia, wanasema kizuri, nami nasema karibu. Tumeelewana hivyo, mimi na wao. Dorca mwenyewe alikuja Jumatano, akasimama pale, akasema kofia imekaa vizuri. Nikamshukuru.

Kwa hivyo ukifika watakuwa wamejaa, maana hata usipomwambia mtu, Obunga hujua. Utanikuta nimekaa kwenye kochi. Kabla hujaniamkua, simama mbele ya kioo chako, nyoosha kola, ujitazame kama unajiona. Sema kwa sauti wasikie wote kwamba unajiona. Usiniaibishe.

Ni mimi,
Min Oketch